Mafuta ya mwarobaini kwa mtoto wa miezi tisa

Pole sana dada. Kama mtoto anatapika na kusinzia mno tangu umnyweshe hayo mafuta ya mwarobaini, usimwongezee hata tone. Wengi huku Moshi tunawaogesha watoto kwa majani yake, lakini mafuta yakinywewa na mtoto mdogo ni hatari nyingine kabisa: yanaweza kuleta usingizi mzito, hata degedege. Usimtapishe. Mpeleke hospitali, Mawenzi au KCMC hapa Moshi, sasa hivi, na chupa uibebe. Mweleze daktari umempa kiasi gani na lini, pamoja na dawa nyingine zozote anazotumia. Usione haya, wanahitaji kujua. Akishindwa kunyonya au asipoamka vizuri, usingoje daladala, chukua bajaji.