Mwalimu mpya, wanafunzi wasiishie kufagia soko

Mwalimu unayeripoti mara ya kwanza JSS, yaani sekondari msingi ya hapa Kenya, muda si mrefu utaambiwa darasa lako lifanye mafunzo ya huduma kwa jamii. Njia rahisi utaikuta imeshazoeleka: Ijumaa alasiri, mifagio, glavu, picha za kuweka kwenye faili. Jumatatu taka zimerudi. Sikatai usafi, ila hapo hakuna somo lililofundishwa, na mtoto anaondoka akiamini kuwa wajibu wa raia ni kuokota alichotupa mwingine.

Anza na swali ambalo masomo yenu yanaweza kulijibu. Mimi hupenda bomba linalovuja nje ya lango, maana halikosekani. Gredi ya 7 ikinge chupa ya nusu lita, mmoja ashike simu yako apime muda. Ikijaa kwa dakika 5, hizo ni lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku: mitungi saba ya lita 20 na ushei. Kioski kikiuza mtungi kwa shilingi 5, waache wazidishe wenyewe hadi mwisho wa mwezi. Uwiano uliokuwa ukiwasinzisha ubaoni, hapo watabishania.

Mwalimu wa Hisabati hatakupa kipindi ukimwendea na habari za "mradi". Mwendee na maazimio yake ya kazi mkononi, umwonyeshe juma ambalo vipimo tayari vimo. Wa Sayansi vivyo hivyo. Kazi isiyoingia kwenye vipindi vya ratiba itakufia wiki ya pili, kwa kuwa hakuna anayetaka kubaki hadi saa kumi na moja, wewe ukiwemo.

Sehemu ambayo wengi huiruka ni ya Masomo ya Jamii: nani anahusika? Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za maji, uzoaji taka na mitaro ya maji ya mvua mijini. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Watoto walitafute hilo kabla ya kushika kalamu kuiandikia ofisi husika, la sivyo barua nzuri itaozea kwa chifu, ambaye hana fundi wala bajeti ya bomba. Na ikiwa mmechagua taka badala ya maji, hakosi mwanafunzi wa kusema zimejaa kwa sababu watu ni wachafu. Usimkatize. Umtume yeye na wenzake wakahesabu mapipa kutoka stejini hadi sokoni. Wakirudi na sifuri daftarini, mjadala utageuka bila wewe kuhubiri.

Kiswahili ndipo hesabu zinapopata mdomo. Kila mmoja aandike rasimu ya barua rasmi, darasa lichague moja na kuinoa. Isahihishe sarufi, lakini usiwaandikie. Afisa anajua barua ya mwalimu akiiona. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi shuleni. Mzazi akiuliza kama watoto wanaruhusiwa, Kifungu cha 37 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, kwa amani. Hakikutaja kura wala umri. Hata hivyo pata kwanza idhini ya mwalimu mkuu na bodi, kwa maandishi. Na wazazi wasitumwe kununua chochote, wamechoka na orodha za vifaa vya mtalaa huu wa umilisi (CBC).

Mwakilishi wadi akisikia, huenda akaja na mpiga picha. Mkaribishe ajibu maswali ya wanafunzi. Fulana za kampeni zibaki garini.

La mwisho ni kalenda, na hili huamua mengi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo pimeni Januari, barua iondoke Februari. Ukingoja muhula wa tatu, fedha zimeshagawanywa na watoto wataambiwa mwakani. Mwezi ukipita bila jibu, wao wenyewe waandike ya pili wakitaja tarehe ya muhuri wa kwanza. Likikosekana hata hapo, faili ikabidhiwe Gredi ya 7 inayoingia, pamoja na chupa ya kupimia.