Waviking walipora tu, au walikaa?

SWALI: Mhariri, salamu. Nafundisha historia sekondari hapa Ssembabule. Wanafunzi wangu wameyaona mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, na sasa wananiuliza: Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia walioivamia Uingereza, walipora wakaondoka, au walikaa? Ushahidi uko wapi? – Mwalimu, Ssembabule

JIBU: Mwalimu, walikaa. Mimi ningeanza na Repton, kijiji cha Derbyshire, kwa sababu hao vijana watakielewa upesi: jeshi la Waviking lililopiga kambi pale majira ya baridi ya mwaka 873 lilichimba handaki kando ya mto Trent, kama mahandaki ya kwenu yalivyo kando ya Katonga.

Karibu na kanisa la Repton wachimbaji walikuta mifupa ya watu wasiopungua 264, wengi wao wanaume, pamoja na sarafu za fedha za miaka ya 870. Lakini vipimo vya kaboni, vinavyokadiria umri wa mifupa, vilikataa. Baadhi ya mifupa ilionekana ya zamani kuliko jeshi lenyewe, na wasomi wakabishana miaka mingi. Jawabu lilitoka mwaka 2018, na hapa nakuomba usiwapitishe haraka: lilikuwa samaki. Kaboni ya baharini ni kongwe, kwa hiyo mtu aliyekula sana samaki wa bahari, mifupa yake hupimwa ikaonekana ya kale kuliko ilivyo. Mwanaakiolojia Cat Jarman na wenzake walipoirekebisha hesabu, tarehe zote zikakubaliana na karne ya 9.

Hao ni askari. Na walowezi je? Kumbukumbu za Waanglosaksoni, yaani Waingereza wa wakati huo, zinasema mwaka 876 Halfdan, kiongozi wa Waviking, aligawa ardhi ya Northumbria, kaskazini ya Uingereza, watu wake wakaanza kulima. Maandishi hayo ni mazuri, ila kwangu mimi bizimu, yaani vifungo vya nguo, zina uzito zaidi. Katika mashamba ya Lincolnshire na Norfolk, watu wenye mashine za kutafutia vyuma wameokota mamia ya bizimu za kike za mtindo wa Skandinavia, nyingi za aloi ya shaba, vitu vya kufungia nguo za kila siku. Wanawake wa kawaida waliishi pale na kuvaa kama walivyovaa ng'ambo ya bahari. Upanga hauwezi kukuambia hivyo.

Ukipata ramani ya Uingereza, wape kazi: watafute majina ya miji na vijiji yanayoishia na -by, neno la Kiskandinavia la makazi, kama Grimsby, Whitby na ile Derby wanayoijua kwa mpira. Watayakuta yamejaa Lincolnshire na Yorkshire, na kusini ya mto Thames ni nadra mno.