Jibu: Mimi naamua kwa akili, mke wangu kwa moyo. Nani asikilizwe?

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Kwa waliochelewa: mwenzetu na mkewe walijaza lile jaribio la mtandaoni la haiba 16, yeye akatoka mtu wa mantiki, mkewe akatoka mtu wa hisia. Sasa mdogo wake mke, wa kiume, anaomba adhaminiwe mkopo wa milioni 3 kwenye SACCOS anunue pikipiki ya bodaboda. Mke anataka wasaini, mume hataki, na kila wakikaa kuzungumza mume anafunga mjadala kwa "wewe ni hisia tu". Ndipo anatuuliza nani asikilizwe.

Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana nimewahi kukaa kwenye kiti chako na nilitoka hapo nimepungukiwa milioni mbili na ushee.

Mimi nafundisha hisabati sekondari, niko Songea. Mwaka 2017 mahindi yalipovunwa nilinunua gunia 140 kwa shilingi 42,000, jumla 5,880,000. Sikukurupuka. Nilikuwa na daftari, nimechora jedwali la bei mwezi kwa mwezi, na mwanzoni mwa mwaka huohuo gunia lilikuwa limepanda vibaya. Nikapiga hesabu kwamba hata bei ikifika nusu ya kile nilichotarajia, sipotezi. Tatizo ni kwamba Juni mahindi yalikuwa yamezuiwa kwenda nje ya nchi, nami nilijiambia zuio halitafika Desemba.

Mke wangu ana genge la mboga na nafaka ndogondogo. Septemba, bei ikiwa 38,000, akaniambia, "Mwalimu, uza." Nikamuuliza kwa sababu gani. Akasema moyo wake hauko sawa na yale mahindi. Nilicheka. Nikamwambia mahindi hayauzwi kwa moyo, nikamfungulia daftari nimwoneshe jedwali. Akanyamaza, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Machi 2018 niliuza gunia 131 kwa 24,000. Hizo tisa nyingine dumuzi walizifanya unga bila kupitia mashineni. Nilipata 3,144,000, hapo sijagusa kodi ya stoo wala dawa.

Baadaye sana, hasira zikiwa zimeisha, nilimuuliza Septemba ile alikuwa ameona nini. Akanieleza kama mtu anayesimulia kitu cha kawaida tu: madereva wa malori waliokuwa wakila kwa mama lishe wa jirani yake walikuwa hawaonekani tena. Mwenye mashine aliyekuwa akinunua gunia kumi kwa mpigo sasa ananunua mbili, tena kwa kubembelezwa. Wateja wake waliotoka vijijini walikuwa wanakopa chumvi, jambo ambalo msimu wa kuuza mahindi halitokei. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloliandika. Yalijikusanya yakamkalia kifuani kama uzito, naye akauita uzito ule "moyo". Kumbe ulikuwa taarifa za soko, tena mpya kuliko zangu. Jedwali langu lilikuwa la mwaka uliopita.

Sasa nije kwangu, mtu wa mantiki. Ile bei ya 38,000 niliikataa kwa sababu gani hasa? Kwa sababu ilikuwa chini ya 42,000. Na hiyo 42,000 haikuwa na maana kwa mtu yeyote duniani isipokuwa mimi, soko halijui ulinunua kwa kiasi gani. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: maumivu ya kupoteza yanatuelemea kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile, na vipimo vilivyofuata vikaonesha kwamba yanakaribia kuwa mara mbili. Kuanzia Septemba sikuwa napiga hesabu tena, nilikuwa nalinda sura yangu kwa kutumia kalkuleta. Niliogopa kukiri hasara mbele ya mke wangu, hofu hiyo nikaivisha tai nikaiita uchambuzi. Kwa hiyo ukiniuliza ndani ya nyumba ile nani alikuwa anaongozwa na hisia, jibu unalo.

Ndiyo maana hayo majaribio nayaangalia kwa jicho la pembeni. Asili yake ni Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliyeandika mwaka 1921 kuhusu aina za watu. Watu wengi hawajui kwamba kwake kufikiri na kuhisi vyote viwili vilikuwa njia za kiakili. Kufikiri kunauliza hili ni kweli au si kweli, kuhisi kunauliza hili lina thamani gani. Alikuwa akizungumzia kupima thamani, si kulia wala kupandwa na jazba. Baadaye Mmarekani Isabel Myers na mama yake, Katharine Briggs, wakaligeuza wazo hilo kuwa dodoso lenye herufi nne, na hapo ndipo T yako ("thinking", kufikiri) na F ya mkeo ("feeling", kuhisi) zilipotoka.

Watu wengi kwenye kipimo hicho wanaangukia katikati. Ni kama mimi nichore mstari ukutani darasani kwenye sentimita 165, halafu niseme aliye juu ni mrefu na aliye chini ni mfupi. Mwanafunzi wa 164 na wa 166 watatoka hapo wakidhani ni wa makabila mawili. Mimi mwenyewe nililijaza mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka T, nikajisifu. Mara ya pili ilikuwa wiki chache baada ya kumzika baba, nikatoka F. Sikuwa nimebadilika haiba, nilikuwa na msiba.

(Na nyinyi mliojaza ukurasa wa kwanza kwa kugawa watu kuwa sangwini, koleriki na kadhalika, hiyo ni hadithi ya Wagiriki wa kale, kwamba haiba inatokana na majimaji manne ya mwili. Maneno yetu belghamu na safura yametoka kwenye utabibu huohuo, yakapitia kwa Waarabu. Tunayatumia kwa kohozi na kwa maradhi, lakini sijaona mtu anachagua mchumba kwa kuangalia belghamu yake.)

Kuna mchangiaji kasema suluhisho ni kuziondoa hisia kabisa, binadamu aamue kama kompyuta. Mkuu, watu wa namna hiyo wapo na wamechunguzwa. Daktari wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio alieleza mwaka 1994 habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot. Alitolewa uvimbe kwenye ubongo, sehemu ya mbele ikawa imeharibika. Akili yake ya vipimo ilibaki vizuri, kumbukumbu nzuri, mantiki nzuri, ila hisia zilizimika. Je, akawa mfanyabiashara hodari? Alipoteza kazi, akapoteza akiba kwenye biashara za ajabuajabu, ndoa ikavunjika. Mgonjwa mwingine wa aina hiyo aliulizwa achague moja kati ya siku mbili za miadi, akatumia karibu nusu saa kulinganisha faida na hasara za kila siku, mpaka daktari akamchagulia siku. Mantiki inaweza kukupangia njia zote, lakini kitu cha kukuambia "hii inatosha, twende" kinatoka kwingine.

Haya, tusije tukamwabudu shemeji yetu, yaani mkeo, naye. Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS yetu miaka sita, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno "moyo" tunalipakia mizigo mingi mno. Tulikuwa na mwalimu mmoja, mtu mwema, kila mtu anampenda. Alidhamini watatu. Wawili wakaacha kurejesha, akiba yake ikakatwa. Nilipokaa naye akaniambia maneno ambayo siyasahau: siku anamsainia yule wa pili, yeye mwenyewe alijua kabisa kwamba yule hatalipa. Nikamuuliza, sasa ulisaini kwa nini? "Ningemwambiaje sasa?"

Umeona hapo? Hisia yake ilimwambia ukweli. Kilichomsainisha ni aibu. Sisi hapa kwetu aibu inavaa nguo za huruma kila siku, kwenye michango ya harusi, kwenye udhamini, kwenye kupokea ndugu wa kukaa wiki moja akamaliza mwaka. Watafiti wa haiba wanaotumia zile tabia kuu tano badala ya herufi nne wanapima pia kiasi gani mtu anapenda kuelewana na wenzake. Walio juu sana hapo kusema "hapana" kunawauma kama jino. Huyo huwezi kumsaidia kwa kumwita mtu wa hisia. Msaidie kutofautisha: hiki ninachosikia ni huruma, ni aibu, au ni woga wa mama?

Sisi nyumbani tulibadilishana zamu. Jambo likiwa kubwa, mimi ndiye natakiwa kuanza kusema naogopa nini, na siruhusiwi kutaja tarakimu yoyote mpaka nimalize. Mwanzoni nilijisikia mjinga kweli. Yeye anatakiwa kusema ameona nini: nani alifanya nini, lini. Akisema "sijui tu", tunaacha mpaka kesho, na mara nyingi kesho yake anajua. Na mahindi nikinunua, bei ya kuuza kwa hasara tunaiandika siku ileile ya kununua, nikiwa bado na akili zangu.

Kwa hiyo kwenye suala lako, muulize mkeo amemwona huyo mdogo wake akifanya nini. Inawezekana kijana anaendesha pikipiki ya mtu mwaka wa pili sasa na hesabu ya siku anapeleka bila kusukumwa. Hiyo ni taarifa nzito kuliko hati yoyote ya mshahara. Inawezekana pia hajawahi kushika usukani, na dada mtu anaogopa simu ya mama yake. Atakuambia, ukimuuliza bila kebehi.

Na wewe, samahani kwa hili, jiulize kinachokukera ni milioni 3 au ni kwamba ombi lilipitia kwa mkeo badala ya kuletwa kwako. Bandiko lako limetaja hiyo habari ya "hakunifuata mimi" mara tatu, riba hujaitaja hata mara moja.

Kuhusu karatasi zenyewe: kabla hujasaini uliza akiba yako itashikiliwa kiasi gani na mpaka lini, kama inaachiliwa kidogokidogo marejesho yanavyoingia, na kama mnaweza kuwa wadhamini watatu ili mzigo ugawanyike. Uliza pikipiki ikiibiwa bima inamlipa nani. Mwaka juzi tulikataa kumsainia mdogo wangu mimi, tukampa laki nne mkononi iwe kianzio, hatudai. Niliyeng'ang'ania tusaini nilikuwa mimi.

Mkishaongea rudi utujuze.