Kuiba kwa macho: maswali yenu kuhusu misemo ya Kikantoni

Nanunua nguo Guangzhou, kusini mwa China, wanakosema Kikantoni. Mwenye duka aliponiona nakagua kitambaa kama anavyokagua yeye, akasema "tau si". Naambiwa ni kuiba! Nimemkosea?

Hujamkosea, ndugu yangu. Tau ni kuiba, si ni fundi mkuu: umeiba ujuzi wake kwa macho. Kama alitabasamu, alikusifu. Msemo huu huwa mchungu pale mshindani anapomtuma mtu aje kuonja supu yako, kisha akaipike kwake.

Ukitaka kuuona ukifanya kazi, chungulia jiko la mgahawa wa Kikantoni. Yupo kijana anayeitwa da ho. Hupanga viungo vilivyokwisha kukatwa, humsogezea mpishi wa karai kwa zamu, hupamba sahani. Hapiki. Lakini yuko hatua moja tu kutoka kwenye moto, na kila usiku anaona mchuzi unamwagwa lini na moto unapunguzwa lini. Hakuna anayemkalisha chini kumweleza. Akiwa na jicho kali, iko siku atalishika karai mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni shule kamili.

Kwa nini fundi asimfundishe tu waziwazi?

Anahofia riziki yake. Wakantoni husema "gaau sik tou dai, mou si fu": mwanafunzi akishajua, fundi hana chake. Basi wengi walibakiza mbinu moja wasiyomwonyesha mtu. Hofu hiyo naielewa, ila inaniuma, kwa sababu mbinu iliyofichwa huzikwa na mwenyewe.

Mtu wa "suruali nyekundu" ni nani?

Hung fu jai, kijana wa suruali nyekundu. Ndivyo walivyovaa wanagenzi wa opera ya Kikantoni, yaani michezo ya jukwaani ya kuimba. Siku hizi huitwa hivyo yeyote aliyeanzia chini kabisa kwenye kazi yake, awe mpishi au mwongozaji wa filamu. Ni sifa kubwa.

Upo msemo wa mtoto anayeiga kila kitu?

"Yau yeung hok yeung", aonacho ndicho aigacho. Mara nyingi ni lawama, hasa kaka mtu akiwa mtukutu.

Jirani wa Hong Kong kaniuliza kama nimewahi kula uji wa usiku. Anamaanisha nini?

Wanafunzi wa kung fu walifanya mazoezi usiku, baada ya kazi, kisha wakanywa uji wa mchele. Anauliza kama umewahi kujifunza kupigana.