Nguo inafanya kazi ngapi? Majibu kwa barua zenu

Jambo wasomaji wa Bukavu na wa kando kando. Tuliomba maswali juu ya mavazi tukifikiri mtauliza mambo ya fashion tu, kumbe watu wako na mengi rohoni. Nimechagua yale yanayogombanisha watu ndani ya nyumba, juu naona ugomvi mwingi wa nguo unatoka hapa: nguo moja inafanya kazi nyingi kwa mara moja, huyu anaangalia kazi hii, yule anaangalia ile, na kila mtu anafikiri mwenzake hana akili.

"Mi navaa friperi toka utoto. Sasa niko chuo kikuu wenzangu wananicheka, wanasema ni nguo za wazungu waliokufa na zinaleta magonjwa. Ni kweli?" (Kijana wa Kadutu)

Hapana mdogo wangu. Ni nguo ambazo watu wa Ulaya, Marekani, Canada na siku hizi hata China wamezichoka, zinakusanywa, zinachambuliwa, zinafungwa baloti za kilo 45 ao 50 hivi, zinapanda meli mpaka Mombasa ao Dar es Salaam ndo zije huku. Ni biashara kubwa kabisa. Majirani zetu wa Rwanda mwaka 2016 walipandisha ushuru wa nguo hizo toka senti 20 za dola mpaka dola 2 na nusu kwa kilo moja, wakitaka viwanda vyao vya nguo vipate kusimama, na Marekani haikufurahi, mwaka 2018 ikawaondolea ile ruhusa ya kuuza nguo kwake bila ushuru.

Upande wa magonjwa, watu wanaogopa chawa na upele. Lakini chawa wa nguo akikosa damu ya mtu hamalizi hata wiki mbili, na mdudu wa upele anakufa ndani ya siku chache tu, wakati baloti inakaa njiani miezi. Chawa anakua hatari pale watu wanasongamana na hawana nguo ya kubadilisha. Burundi miaka ya 1990, wakati wa vita, tifasi inayobebwa na chawa ilishika makumi ya maelfu ya watu kwenye makambi ya wakimbizi. Hawakuugua juu ya friperi, waliugua juu ya kukosa nguo ya pili, sabuni na maji.

Kwa hiyo fanya hivi: loweka kwenye maji ya moto na sabuni, suuza vizuri, anika juani, kisha piga pasi ya makala. Usipitishe tu mbele na nyuma. Geuza nguo ndani-nje, bana pasi kwenye mishono, kwapani, kwenye kola na kwenye mkanda wa pantalo, juu wadudu na mayai yao wanajificha kwenye mikunjo. Tena hiyo pasi iko na kazi ingine, kule chini kwenye joto kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, ukivaa bila kupasi funza anaingia kwenye ngozi. Nguo safi iliyopasiwa haina aibu, waambie hivyo.

"Profesa anasema binadamu alianza kuvaa juu ya baridi, pasta anasema juu ya haya. Nani ana haki?" (Mwanafunzi wa Ibanda)

Swali tamu hili. Baridi ina sababu yake: mtu aliyekaa uchi bila kufanya kazi, hewa ikishuka chini ya digrii 27 hivi mwili wake unaanza kuhangaika kutafuta joto. Hapa kwetu kwenye mita 1,500 juu ya bahari siku nyingi hatufiki hata hizo 27, kwa hiyo Bukavu bila nguo ungetetemeka usiku mzima.

Na tena chawa ndo aliwasaidia wataalamu hapa. Nguo zinaoza, hazibaki ardhini tuzichimbe, lakini chawa wa nguo alitokana na chawa wa kichwa, na hangeweza kuwepo kabla ya watu kuvaa. Walilinganisha ADN ya hao chawa wawili, yani alama za urithi zilizo ndani ya mwili, na mwaka 2011 wakatoa hesabu kwamba watu walikua wanavaa tangu miaka 83,000 iliyopita angalau, na pengine 170,000. Hapo walikua bado Afrika, kabla ya wengi kutoka kwenda kwenye barafu za Ulaya.

Lakini baridi peke yake haitoshi. Darwin, yule mtaalamu Mwingereza wa viumbe, mwaka 1832 alifika ncha ya kusini kabisa ya Amerika akakuta watu wanaishi kwenye theluji karibu uchi, na huko pango la Blombos, Afrika Kusini, kumeokotwa konokono zilizotobolewa kama shanga za miaka 75,000 hivi. Shanga haileti joto. Mtu alijipamba ili wengine wamwone. Na pasta naye asome vizuri, Mwanzo sura ya 3 iko na nguo mbili: mstari wa 7 Adamu na Hawa wanajishonea majani ya mtini juu ya haya, mstari wa 21 Mungu anawavika ngozi wakati wanatoka bustanini kwenda kulima penye miiba. Kwangu mimi ile ya pili ni ulinzi. Wote wawili wako na haki, wasigombane.

"Binti yangu anafanya kazi kwenye bodaboda ya kusafirisha bidhaa, anavaa pantalo. Mama mkwe anasema ni matusi, eti mwanamke wa kiafrika anavaa kikwembe. Nifanye nini?" (Mama wa Bagira)

Mama, pole. Kwanza nataka tumuelewe bibi, juu hajatunga hayo kichwani.

Bibi alikua msichana wakati wa Mobutu. Nchi ilibadilishwa jina Zaïre mwezi wa 10 mwaka 1971, na ile siasa ya Authenticité, yani kurudia asili yetu, ikaingia mpaka kwenye kabati za watu: wababa wakakatazwa kostimi na kravati, wakavishwa abacost, koti lisilovaliwa na kravati, na bamama wakakatazwa pantalo, wakaambiwa kikwembe ndo heshima ya mwanamke wa Zaïre. Mwanamke aliyepita mjini na pantalo alikua anaweza kupata matatizo. Mambo hayo yaliendelea mpaka hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, ndo kravati zikarudi. Fikiria msichana anaanza utoto mpaka anazaa watoto anasikia neno hilo hilo kila siku, redioni, shuleni, kanisani. Haliwezi kutoka rohoni kwa juma moja.

Sasa upande wa "kiafrika". Kabla kitambaa cha duka hakijafika, huku kwenye maziwa makuu watu walivaa ngozi na maganda ya miti yaliyopondwa. Kule Ituri Bambuti wanaume wanaponda ganda, wanawake wanalichora. Kasai kwa Wakuba mwanaume ndo anafuma kitambaa cha rafia na mwanamke anakidarizi kwa sindano mpaka kinashika laini kama mahameli. Na kikwembe chenyewe cha wax tunachokipenda hivi, asili yake ni batiki, kitambaa cha kuchorwa kwa nta, ya Java, Indonesia. Waholanzi waliiga kwa mashini katika karne ya 19, kampuni ya Vlisco ilianza Helmond mwaka 1846, na ni bamama wa soko za Afrika ya Magharibi waliokipokea na kukipa majina mpaka kikawa chetu. Ni chetu kweli, nakubali kwa moyo wote. Lakini kama kitu cha Java kiliweza kua chetu, hatuwezi kusema pantalo haiwezi.

Kisha kuna usalama. Binti yuko juu ya pikipiki, kitambaa kirefu kinaweza kushikwa na cheni ao na magurudumu, na hiyo imeshaangusha watu. Pantalo nzito inakinga mguu kwenye moto wa eksosi na kwenye mawe ukianguka. Hiyo ni nguo ya kazi, kama vile muganga anavaa blouse nyeupe na hakuna anayemsema.

Ningekua wewe ningempeleka binti mwenyewe kwa bibi, siku asiyo na kazi, amevaa kikwembe chake vizuri na kitambaa kichwani, akae chini karibu yake, amwonyeshe alama ya kuungua mguuni kama anayo, amwambie: koko, hii ndo inanifanya nivae ile. Usimwache bibi asikie kwamba umeamua bila yeye. Heshima anayoitafuta kwenye nguo ataipata kwenye ile safari ya kumfikia.

"Kwa nini serikali inatulazimisha bleu-blanc (chini bluu, juu nyeupe) shuleni? Shati nyeupe kwenye matope ya Bukavu!" (Mzazi wa Panzi)

Ili mtoto wa tajiri na wa mchuuzi wakae banki moja bila kupimana kwa macho, na ili mtoto akipotea njiani watu wajue ni mwanafunzi. Naunga mkono. Kuhusu matope uko na haki, fua jioni ile ile doa likiwa bado bichi, na nunua mashati mawili kama mfuko unaruhusu.

"Harusi ya shemeji inakuja. Familia imechagua iniforme ya super wax, mimi, mke na wasichana watatu. Nikikataa nitaitwa mchoyo, nikikubali watoto watalala njaa." (Baba wa Nyawera)

Baba, hapa kikwembe kinafanya kazi ya kuhesabu watu. Siku ile mtu akiangalia ukumbi anajua nani ni wa upande gani bila kuuliza, na mke wako akikaa pale na rangi ingine atajisikia amefukuzwa kwa ndugu zake mwenyewe. Usimcheke kwa hilo, ni kitu cha kweli. Afrika ya Magharibi kuna wax inaitwa "mume wangu anaweza", uone vile kitambaa kinaweza kumsema mwanaume hadharani.

Lakini pia kuna njia. Piece moja ni yadi 6, kama mita 5 na nusu. Kuturie mzuri anakatia mama mkubwa nguo ya pande mbili na kipande kinabaki cha wasichana wadogo: mmoja sketi fupi, mwingine kola na mkanda kwenye gauni analokua nalo, wa tatu kitambaa cha kichwa. Wewe vaa shati yako nyeupe na uweke kipande mfukoni mwa koti. Rangi imeonekana, mmehesabiwa. Na uende kwa kamati ya harusi mapema useme wazi, juu mara nyingi unakuta familia tatu zingine zilikua zinaogopa kusema, na wanaweza kukubali wax ya bei ya chini ya rangi ile ile. Deni la kitambaa usilikubali. Nalisema kwa nguvu, nimeona nyumba zikivunjika kwa sababu hiyo.

"Bwana wangu alikufa mwaka jana. Wakwe wanataka niendelee na nyeusi, wanasema nikivua ni kama nilimuua. Niko na gauni moja tu nyeusi na nauza samaki wadogo wa sambaza sokoni." (Mjane, Nguba)

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na pole tena kwa maneno hayo, ni maneno mabaya na hukustahili kuyasikia.

Nguo ya matanga iko na kazi nzuri. Inawaambia wapita njia waongee nawe polepole, wasikuulize bwana yuko wapi, inakupa ruhusa ya kulia. Lakini rangi na muda ni watu wanapanga. China na India wengi wanalilia wafu wao na nyeupe. Nyeusi hii ya kwetu imekuja sana na Ulaya, kule malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe mwaka 1861 akavaa nyeusi mpaka kifo chake 1901, lakini yeye hakua anauza samaki. Katika Biblia Tamari alikua na nguo za ujane na alizivua. Kwa Waislamu Kurani imeweka eda ya miezi 4 na siku 10, kisha mwanamke yuko huru. Kokote ukiangalia kuna mlango wa kutokea, na wakwe wako wanataka kuufunga.

Kuvua nyeusi hakuna uhusiano wowote na namna bwana alikufa. Kazi waliyoipa hiyo gauni sasa ni kukuzuia usiolewe, ao kukutisha juu ya kiwanja na mali, na hapo ndo uangalie vizuri karatasi za nyumba ziko wapi.

Tafuta mtu mmoja mkubwa wa ukoo wa bwana anayekupenda, kuna mara zote mmoja, shangazi ao baba mdogo, umwombe asimame nawe. Muende pamoja na pasta ao imamu wako, mupange tarehe ya kuondoa matanga mbele ya mashahidi, na iandikwe. Wakati unangoja, sokoni vaa nguo yoyote iliyo safi na ubandike kipande kidogo cheusi kifuani, samaki wanachafua na gauni moja haliwezi kufuliwa kila usiku likauke asubuhi kwenye mvua hii ya Bukavu. Wakikutishia kukutoa nyumbani, usingoje hiyo tarehe, nenda mara moja kwa mwanasheria ao kwa chama cha bamama wanaosaidia wajane, na ubebe cheti cha ndoa na cheti cha kifo.