Mama amekonda, mbona leptini iko juu?

Pole sana dada. Umeuliza mbona mama yako huko Kongwa amekonda na figo zimedhoofu, ilhali leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, imekutwa juu. Si lazima mafuta yawe mengi. Figo ndizo huiondoa leptini kwenye damu; zikichoka, inarundikana. Adiponektini, homoni nyingine itokayo kwenye mafuta, nayo hupanda. Na kwa kuwa leptini huuambia ubongo mtu ameshiba, huenda inachangia mama kusukuma sahani ya ugali wa uwele na mlenda baada ya matonge mawili. Tafadhali usimpunguzie chakula! Kwangu mimi, kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ndiyo ya kufuatilia zaidi. Mpeleke kliniki ya figo Benjamin Mkapa, Dodoma, na majibu yote, mtaalamu wa lishe ampangie protini.