Magazeti ya kale: majibu ya maswali yenu

Bado mnanitumia vipande vya magazeti ya zamani vilivyokatwa juu na chini, halafu mnauliza, "Mzee, hii ni kweli?" Kipande kisicho na jina la gazeti wala tarehe sikijibu. Leo nakipa nafasi kimoja tu cha aina hiyo, maana uongo wake unajianika wenyewe.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu: "Treni ya kwanza kuingia Kigoma, 1908, kutoka gazeti la Kijerumani." Ni ya kweli? (Mwanga, Kigoma)

Hapana. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwaka 1908 ndiyo kwanza ilikuwa inatoka Morogoro. Futa.

Mimi ni wa Urambo. Katika barua za mwandishi Henry Stanley kwenye gazeti la Marekani, New York Herald, Mtemi Mirambo anachorwa kama mnyang'anyi tu. Mbona shuleni tulifundishwa alikuwa mtawala mkubwa?

Kwanza uliza mwandishi alikuwa amekaa upande wa nani. Agosti 1871 Stanley alikuwa Kwihara, mgeni wa Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo. Akaingia vitani pamoja na wenyeji wake, na watu wake wakibeba bunduki. Waarabu wakaivamia Wilyankuru, boma la upande wa Mirambo, wakapora pembe na mateka. Walipokuwa wanarudi na mizigo yao, Mirambo akawavizia akawachakaza. Stanley, hoi kwa homa, akakimbilia Mfuto. Kabla mwezi haujaisha Mirambo akaja Tabora kwenyewe, akachoma nyumba. Mtu aliyetimuliwa namna hiyo ulitaka aandike kasida?

Sasa ruka hadi Aprili 1876. Stanley amerudi, safari hii akilipiwa na Herald pamoja na Daily Telegraph la London. Anakutana na Mirambo uso kwa uso, wanachanjiana udugu, na kalamu ileile inamwona muungwana mpole, mwenye staha. Mirambo alikuwa yuleyule. Walimu wanaopenda kuwapa wanafunzi kipande kimoja cha 1871 na kuishia hapo, nawaomba watafute na cha pili, ama waache vyote.

Naomba nakala ya gazeti la Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, yenye habari ya kifo cha Mtemi Isike. (Tabora mjini)

Haipo. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Wajerumani walipoivamia Januari 1893. Gazeti hilo lilianza 1899.

Ila kwa mnaolisoma kwa miaka ya baadaye: limechapwa kwa zile herufi za Kijerumani za kizamani, na mashine ya kutafuta huisoma "s" kama "f". Ukiandika "Ujiji" hupati kitu; andika "Udjidji", kwa tahajia yao. Na mkumbuke lilikuwa la walowezi. Mwafrika humo ni kibarua, ni mwizi, au ni mtu wa kodi. Mwenye jina lake kamili ni nadra.

Babu alituambia Wajerumani walizika dhahabu Tabora walipokimbia. Kuna bwana ana ramani na kipande cha gazeti kinachothibitisha, anasema ni shehena ya malori mawili, na anataka milioni mbili za maandalizi. Nimpe? (Nzega)

Usimpe hata mia.

Dhahabu ilikuwepo, hilo babu hakudanganya. Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ilikuwa na askari na wapagazi wa kuwalipa. Karakana ya reli hapohapo Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga sarafu za rupia 15: upande mmoja tembo kainua mkonga, milima nyuma yake, upande wa pili tai, na herufi T kwa ajili ya Tabora. Zilitoka kama 16,000, kila moja gramu saba na ushee. Kwa wananchi wa kawaida wakapiga heller (senti za rupia) 5 na 20 za shaba, na noti za karatasi ambazo ukizishika leo unaogopa kupumua. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini.

Jumlisha mwenyewe: sarafu zote za dhahabu zilizopigwa hazifiki kilo 120, na zilitoka kwa ajili ya malipo, zikatawanyika. Nyingi leo ziko kwa wakusanyaji ng'ambo, na za bandia zimejaa. Hiyo shehena ya malori mawili anayokuhadithia bwana wako ingetoka wapi? Akikuonyesha gazeti, mwambie akusomee kwa sauti mstari unaotaja shimo. Na kuchimba eneo la kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo atakayekamatwa na sururu mkononi ni wewe, yeye yuko gesti anakula milioni zako.

Jiwe la Ujiji linasema Stanley alikutana na Livingstone 10 Novemba 1871. Mwalimu wetu anasema Oktoba. Nani mkweli?

Jiwe limemfuata Stanley. Shajara ya Livingstone inaangukia siku za mwisho za Oktoba. Homa na safari zilivuruga hesabu za siku, na wataalamu bado wanavutana. Gazetini dunia ilikuja kusimuliwa Julai 1872, kwa hiyo msinitafutie toleo la Novemba. Ile salamu maarufu nayo, "Dr Livingstone, I presume?", kurasa za shajara ya Stanley ambazo zingetuthibitishia zilichanwa. Wanaotembeza wageni pale waache kuionyesha miembe iliyopo kama ndiyo waliyokutania chini yake. Ule mwembe ulishakufa.

Ni kweli meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliwahi kuzama? (Uvinza)

Tena? Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, injini zimepakwa grisi. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kigoma ilikuwa chini ya Wabelgiji hadi 1921, kwa hiyo habari za miaka hiyo zitafuteni katika magazeti ya Kifaransa.

Shikamoo mzee. Marehemu babu alikuwa karani wa stesheni Tabora miaka ya 1930, na alikuwa akipeleka mashairi gazeti la Mambo Leo. Nitampataje?

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali.

Mambo Leo lilianza Januari 1923, likitoka kila mwezi Dar es Salaam chini ya Idara ya Elimu. Usianze na jina la babu, maana washairi wengi walijificha nyuma ya majina ya kupanga. Nenda moja kwa moja kwenye beti za mwisho: kaditama ndipo mshairi hujitaja na kutaja alipo. Tafuta Tabora, tafuta stesheni, tafuta reli. Usishangae ukikuta amesifia serikali. Lilikuwa gazeti la serikali, na mhariri alijua cha kutia kapuni. Kama babu alikuwa na ulimi mkali, pekua pia Kwetu, alilolianzisha Erica Fiah 1937. Na kama aliendelea kuandika hadi uzeeni, kuna Kiongozi la Wakatoliki, lililoanza hapohapo Tabora 1950. Usilichanganye na Kiongozi la Tanga la enzi ya Mjerumani, ambalo lilikoma 1916.

Lakini kabla ya yote, kama bibi yu hai, muulize babu alikuwa akijiita nani.